Leso Iliyolaliwa na Mbwa

Mbwa mwenyewe sina ugomvi naye. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kisa hiki hudhani namchukia. Hakuomba kuletwa kwetu. Alikuwa na umri wa wiki tisa, masikio yamemzidi kichwa, na kosa lake lilikuwa kuzaliwa na ngozi kama mbwa wengine wote. Ugomvi wangu ni na watu wawili ninaowapenda sana, na kipande kidogo cha ugomvi huo ni changu mwenyewe. Miaka mitatu imepita na bado sijaumaliza.

Mimi ni fundi wa kushona. Kibanda changu kiko sokoni Kathonzweni, karibu na wauza nafaka, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Nyumbani ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Mume wangu ni mpishi katika hoteli moja Mtito Andei, anawapikia madereva wa malori. Huja nyumbani mara mbili kwa mwezi, akinuka mafuta ya kukaangia na akiwa na maoni mengi. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu kwenye boma, mimi na binti yetu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na miwili.

Binti yangu ana pumu. Ilimpata akiwa na miaka minne, msimu wa kupura mbaazi, na tangu siku ile sijawahi kulala usingizi mzito. Mtu asiyeishi na ugonjwa huu hudhani ukiwa na dawa umemaliza. Dawa ipo, inhela ya buluu ipo, lakini mama hawezi kuingia ndani ya kifua cha mtoto akaangalia. Anachoweza ni kuuliza. Mimi nilikuwa na swali moja: "Kifua kikoje?" Na yeye alikuwa na majibu mawili, kimebana au kimefunguka. Akisema kimebana, tunaacha kila kitu. Akisema kimefunguka, narudi kwenye cherehani yangu. Miaka minane tuliishi hivyo, na katika miaka hiyo minane hakuwahi kunipa jibu la uongo hata mara moja. Nilijivunia jambo hilo kanisani, nikawaambia akina mama wenzangu kwamba mtoto wangu hajui kudanganya.

Halafu tukaibiwa mbuzi. Ilikuwa Jumapili, mchana kweupe, sisi tukiwa ibadani. Mwizi alikata ua wa miiba kwa panga, akachukua mbuzi watatu akiwemo mmoja mwenye mimba, kisha akauziba ua tena vizuri kama mtu mwenye adabu. Nilipompigia mume wangu hakusema pole. Alisema, "Mbwa."

"Mbwa nini?"

"Nimesema mbwa tangu mwaka juzi. Boma haina mwanaume, haina mbwa. Unangojea nini?"

"Na kifua ya mtoto?"

"Mbwa atakaa nje, mtoto anakaa ndani. Shida iko wapi?"

"Ni mtoto gani wako umewahi kuona akikaa ndani?" nikamuuliza, nikakata simu. Lakini usiku huo kila kilichokwaruza mabati nilikisikia. Nakiri kwamba na mimi nilimtaka huyo mbwa. Nilimtaka kwa woga. Binti yangu alimtaka kwa mapenzi, na alikuwa amemtaka tangu aanze kuongea.

Nilimuuliza daktari wa kliniki, kijana mpole tunayemwona kila baada ya miezi mitatu. Alisema kama ni yeye angeweka geti zuri na kufuli. Nilipoendelea kumkazia macho akaelewa kwamba geti sina, akaanza kunifundisha. Alisema tusidanganywe na manyoya mafupi, kwa sababu kinachowasumbua watu ni vipande vidogo vya ngozi na mate ya mnyama, na kila mbwa ana ngozi na ana mate. Lakini mtoto mmoja anaweza kumvumilia mbwa huyu na akashindwa na yule. Kwa hiyo asichukuliwe mbwa yeyote kabla mtoto hajakaa naye, tena si mara moja tu. Na kama mbwa yuko mbali, mwenye mbwa atandike kitambaa mahali anapolala, kilaliwe wiki nzima, kisha kije kiwekwe karibu na mto wa mtoto, dawa ikiwa karibu na mama akiwa macho. "Si kipimo cha kuapia," alisema. "Lakini ni afadhali kuliko kubahatisha."

Mimi mwenye kushika vitambaa kutwa nzima nilikipenda kipimo hicho mara moja.

Sokoni, kila mtu aligeuka daktari. Muuza ndengu wa jirani alisema nichukue mweusi, weupe ndio wanaoleta pumu. Mwingine alisema jike, kwa sababu dume hutoa jasho. Mwanamume mmoja anayeuza simu zilizotumika alinionyesha picha ya mbwa mwenye nywele za kujisokota kama sweta iliyofumuliwa, akaapa ni wa kizungu na hamwagi hata unywele mmoja. Kwa bei aliyoitaja, ni afadhali ningemwajiri yule mwizi kama mlinzi.

Mbwa wa kwanza tuliyempima alikuwa wa jirani. Nilimweka binti yangu kwenye kigoda barazani kwao, mtoto wa mbwa mapajani, na mimi nikaketi pembeni nikishona vifungo. Sikumwuliza kifua kikoje. Haikufika nusu saa, nikamsikia anasafisha koo, ile namna yake ninayoijua. Kisha akasema mwenyewe, "Mama, kimeanza kubana." Akamweka chini yule mbwa polepole, akavuta dawa yake, akalia njia nzima kwenda nyumbani. Mimi nilimsifu. Nilimwambia amefanya jambo la utu uzima, kusema ukweli hata ukimuuma. Nilidhani anasikia sifa. Baadaye ndipo nikajua alichokuwa anajifunza siku ile.

Ndipo dada yangu akapiga simu kutoka Migwani. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama yetu akiwa shambani. Alikuwa amesikia habari za mbuzi. Mbwa wake alikuwa amezaa watano, wawili wamechukuliwa, watatu wamebaki, na mumewe ameshasema wasipoondoka atawapeleka mtoni mwenyewe. Alituma picha. Binti yangu aliitazama mpaka simu ikazimika, akamchagua wa kahawia mwenye mguu mmoja mweupe. Kwetu mbwa haulizwi bei. Huombwa, na anayemchukua humpelekea mwenye mbwa kuku. Kuku nilikuwa naye.

Lakini kwanza kitambaa. Nilimweleza dada yangu mara tatu: chukua leso kuukuu, itandike pale wanapolala wale watoto wa mbwa, iache usiku saba, usiikung'ute, itie ndani ya karatasi, uitume. Alicheka sana. "Uzungu imekuingia," akasema. "Pumu ya mtu inashikwa na leso?" Nikamwambia afanye tu. Akasema sawa. Baada ya wiki nikampigia, nikamuuliza, wamelala? Akasema wamelala.

Leso ilifika kwa mzigo, ikiwa imekunjwa mara nne, kona juu ya kona. Ilikuwa ya rangi ya chungwa iliyochujuka. Niliitoa kwenye karatasi, na hapa sina budi kusema kilichotokea. Ilikuwa laini. Fundi wa nguo anajua kitambaa kilichofuliwa juzi na kile kilicholaliwa, hata ukimfunga macho. Vidole vyangu viliniambia, na pua ikaniambia pia, maana kulikuwa na harufu ya jua na ya sabuni ya kipande. Nikajiambia: dada yangu ni msafi, hata mbwa wake ni wasafi. Nikaipeleka kitandani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndizo kazi yangu, lakini mtu akitaka jambo huwa mjinga kwa hiari.

Siku saba nilikaa macho. Siku saba nilimuuliza kila asubuhi, "Kifua kikoje?" na kila asubuhi akasema, "Kimefunguka, mama." Na kweli kilikuwa kimefunguka. Nilimsikiliza akilala, pumzi zilikwenda na kurudi kama za mtoto yeyote. Siku ya nane niliimba nikichota maji. Mume wangu alipopewa habari alisema, "Si nilikwambia," ingawa hakuwa ameniambia chochote kuhusu leso.

Tulikwenda Migwani na kuku wetu. Dada yangu alitupokea kwa sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa, na kelele nyingi. Aliniuliza habari za kila mtu, hata watu ambao yeye mwenyewe huwa hawapendi, na kila nilipogusa habari ya leso alikumbuka kitu jikoni. Nilidhani ni furaha ya kuonana. Binti yangu alikaa uani saa nzima na yule wa kahawia, upepo ukivuma vizuri. Aliondoka mara moja tu kwenda chooni. Nikamuuliza kifua kikoje. Akaniangalia machoni kabisa, akasema kimefunguka. Nikamkumbatia dada yangu wakati wa kuagana nikamwambia, wewe umeniokoa. Alinipigapiga mgongo.

Miezi miwili ya kwanza tuliishi kwa raha. Mbwa alilala nje, kwenye kibanda nilichomjengea kwa mabaki ya mabati, na alibweka hata akiona kivuli cha kuku, nami nikawa nalala. Binti yangu alitoka shuleni akikimbia, jambo ambalo halikuwepo zamani. Alimfundisha kuketi, akamfundisha kungoja chakula. Kisha kikohozi kikaanza. Kikohozi kikavu cha alfajiri. Nilimuuliza, akasema ni vumbi la ndengu, kwa sababu tulikuwa tumeanza kupura. Ilikuwa na maana. Majirani wote walikuwa wakikohoa. Niliiona inhela kuwa nyepesi kabla ya wakati wake, nikamuuliza, akasema aliiangusha ikajipuliza. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Mtoto asiyejua kudanganya.

Ikawa Jumamosi moja, saa nane za mchana. Nilikuwa nikipepeta ndengu, nikaenda nyuma ya zizi kutafuta gunia. Nikamkuta ameketi chini, ameinama mbele, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka. Mbwa alikuwa amelaza kichwa pajani mwake. Mkononi alikuwa na inhela, anaibonyeza, na haikutoa kitu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikamuuliza lile swali langu na akashindwa kujibu. Alitikisa kichwa tu.

Sikumbuki jinsi nilivyompata mtu wa boda boda. Nakumbuka tulimweka binti yangu katikati, na kifua changu kikiwa kimegusa mgongo wake nilihisi kila pumzi ikigoma kutoka. Nilimwomba Mungu kwa sauti, nikamtukana dereva kwa mashimo ya barabarani, yote kwa pamoja. Katika kituo cha afya walimvika ile barakoa yenye mvuke, wakamdunga sindano, na muuguzi akaniuliza kama kuna mnyama nyumbani. Nikamwambia yupo, lakini tulimpima. "Mlimpima namna gani?" akauliza. Nikamweleza habari ya leso kwa kirefu, nikimlinda dada yangu, nikimlinda mbwa, nikijilinda mwenyewe. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda kuangalia dripu.

Binti yangu alipona. Walituruhusu Jumatatu. Mbwa nilikuwa nimempeleka kwa jirani, afungwe huko tukifikiria.

Jumanne dada yangu alikuja, na mkate, na sukari, na kanga mpya ya mgonjwa. Tulisali kwanza kama watu wanavyosali kwa mgonjwa, tukashukuru. Binti yangu alikuwa kwenye kochi amefunikwa blanketi, macho yamefungwa. Mimi, kwa kutafuta tu la kusema, nikasema, "Na yule mbwa tulimpima. Siku saba na leso. Sijui nilikosea wapi."

Dada yangu akatazama kikombe chake cha chai. "Ile leso," akasema.

"Ile leso nini?"

"Niliifua."

Nilidhani hajaelewa ninachosema. "Ulifua kabla watandikiwe?"

"Nilifua nikitaka kutuma. Walilala usiku moja tu. Mama yao akaikojolea." Akainua uso, na sasa maneno yakatoka mbio. "Sasa mwiitu wa mwaitu, ulitaka nitume kwa nyumba yako kitambaa iko na mkojo ya mbwa? Bwana yako afungue mzigo aone? Mimi nimelelewa na nani?"

Mwiitu wa mwaitu ni binti wa mama yangu, ndivyo ndugu wa tumbo moja wanavyoitana kwetu. Na ni kweli tulilelewa na mama mmoja. Mama yetu alikuwa na sheria: hakuna kitu kinachotoka nyumbani mwake kwenda kwa watu kikiwa kichafu. Sufuria ya kuazima hurudishwa ikiwa imesuguliwa kwa majivu mpaka chini, na ndani yake mna kitu. Tulichapwa pamoja kwa ajili ya sufuria moja iliyorudi na ukoko. Na mbwa ni mbwa. Kumtumia ndugu yako nguo ya mbwa ni kumwambia yeye na mbwa ni kitu kimoja. Nililielewa jambo hilo mara moja, mahali hapo, kikombe kikiwa mkononi. Mtu mwingine yeyote angeona ni wazimu. Mimi nilielewa, na kuelewa hakukunisaidia hata chembe.

"Nilikupigia nikakuuliza," nikasema.

"Uliuliza kama wamelala. Walilala."

"Usiku mmoja!"

"Usiniwekee sauti kubwa. Sikutaka uone kama mimi ni mtu wa kutuma uchafu. Alafu ukaniambia mtoto analala poa na leso. Nikasema basi, Mungu amesaidia."

"Mungu amesaidia! Mtoto alikuwa analala na sabuni!"

Niliweka kikombe chini kwa sababu mkono ulitaka kukirusha. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Nilimwambia ameuza pumzi ya mtoto wangu asionekane mchafu. Nilimwambia alitaka tu kuwaondoa wale mbwa kabla mumewe hajawatupa. Alilia, na mimi nikaona vyema alie. Na hapo ndipo binti yangu akasema kutoka kwenye kochi, sauti imekwaruza kwa zile siku tatu, "Mama, usimkasirikie auntie. Mimi nilijua."

Nikageuka.

"Ulijua nini?"

"Kama imefuliwa. Nilinusa usiku ya kwanza."

Dada yangu alifunika uso kwa kanga ile ile aliyomletea mgonjwa. Nikajua bado kuna jambo. Nikalivuta, kama unavyovuta uzi ukijua nguo yote itafumuka. Binti yangu alikuwa amechukua simu yangu nilipokuwa naoga, akampigia mama yake mkubwa, akamuuliza kwa nini leso inanuka sabuni. Na dada yangu, aliyenibeba mgongoni, alimwambia mtoto wa miaka kumi na miwili: kama unataka mbwa, nyamaza. Migwani, ile safari moja ya chooni, alikwenda kuvuta dawa. Kile kikohozi hakikuwa cha ndengu. Inhela haikuanguka. Kila kitu nilichokuwa nimekiamini kwa miezi mitatu kilikuwa na mtu nyuma yake aliyekipanga.

"Nilipokuwa nikikuuliza asubuhi," nikamwambia, "kila siku ulinidanganya?"

Akafikiria. Huyo ni mtoto wangu, alifikiria ili ajibu sawasawa. "Si kila siku. Siku zingine kilikuwa kimefunguka."

"Na kwa nini? Ulitaka kufa kwa sababu ya mbwa?"

"Mara ya kwanza nilisema ukweli," akasema. "Ukamkataa."

Nilitoka nje nikaenda kusimama zizini na mbuzi waliobaki, mpaka dada yangu akaaga kwa kupitia dirishani.

Mume wangu alikuja wikendi hiyo akamchukua mbwa kwenda Mtito Andei, ambako sasa analinda uwanja wa malori nyuma ya hoteli, amenenepa kwa mifupa, na nasikia madereva wanampenda. Kabla ya kuondoka alimwita binti yake akamwambia kwa uzito, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Maneno ni ya kweli, lakini nilitamani kumpiga na mwiko, yeye aliyesema "mbwa" kabla ya kusema pole. Binti yangu hakulia mbwa alipopakiwa. Alimshika masikio mara moja, akamwachilia. Kwa mtoto aliyelia njia nzima kwa ajili ya mbwa wa jirani, ukimya huo ulinitisha kuliko kilio.

Kumsamehe dada yangu niko njiani, sijafika. Tunapigiana simu. Tunaongea habari za mvua, Kitui kwake imenyesha, Makueni kwangu bado, au kinyume chake. Aliwahi kuniomba msamaha mbele ya wenzake kanisani kwao, akanipigia kunieleza jinsi watu walivyoguswa. Nilimwambia nimeshukuru. Siku moja nitamsamehe kabisa, kwa sababu aibu yake naijua, ni ile ile yangu, tulichapiwa pamoja. Hata vidole vyangu viliposema ukweli mimi nilivinyamazisha, kwa hiyo siwezi kusimama mbali sana nikimnyooshea kidole.

Lakini kwa binti yangu ni tofauti, na hili ndilo linaloniuma kusema. Nilimsamehe siku ile ile. Alikuwa mtoto aliyetaka kitu. Nilimsamehe, nikampikia uji, nikamchana nywele. Ila sikuweza tena kumwamini, na kumbe hivyo ni vitu viwili. Niliendelea kumuuliza kifua kikoje, kwa mazoea, na yeye akaendelea kujibu, na jibu likawa halinifikii. Nilianza kumwendea nyuma nikiweka sikio mgongoni kwake. Nilipekua begi nikipima uzito wa inhela kiganjani. Alipokimbia nilimsimamisha. Alipocheka sana nilisikiliza mwisho wa kicheko. Mwanzoni alivumilia. Kisha akaanza kukaa mbali na mimi kidogo, umbali wa mkono, hata mezani.

Mwaka huu ameingia shule ya bweni, upande wa Kitui. Zilikuwepo shule za kutwa karibu na nyumbani, na nilimwonyesha, lakini bweni alilichagua yeye. Daktari amemwandikia dawa mpya na barua ya muuguzi wa shule, na anasema anaendelea vyema kuliko wakati mwingine wowote. Huenda ni kweli. Anapiga simu Jumapili alasiri, kwa simu ya shule, wakipanga foleni.

Jumapili iliyopita alipiga akiwa na furaha. Aliniambia amechaguliwa kwenye timu ya voliboli, na kwamba chakula si kibaya, na kwamba kuna msichana kutoka Mwingi anayeelewana naye. Kisha, kabla sijauliza, akasema, "Na kifua kiko sawa, mama. Kimefunguka kabisa."

"Sawa," nikamwambia. "Sasa nyamaza. Weka simu karibu na mdomo upumue."

Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia wasichana wakimwambia aharakishe.

"Mama, nimekwambia kiko sawa."

"Nimesikia ulichosema," nikamjibu. "Pumua."